Je, Wajua? Mtoto wa Silanga Anaposema Tumbo Linamuuma

Je, wajua kuwa Silanga ni jina la maji? Kwa Kikamba, silanga ni bwawa. Kijiji hiki cha Kibera kinateremka hadi ukingoni mwa Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili jiji liwe na akiba ya maji ya kunywa. Leo magugumaji yamelifunika hata mgeni akisimama kando yake hudhani anatazama shamba lililostawi. Mwenyeji anajua kilicho chini ya ule ukijani. Nami wanafunzi wengi wa huku ndivyo ninavyowaona: sare imefuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi, salamu kwa mwalimu imetoka vizuri, daftari limefunikwa kwa gazeti, na chini ya hayo yote kuna kina.

Je, wajua kuwa kina hicho kimeanza kupimwa? Mwaka 2022 Kenya ilipata matokeo ya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ulioongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC kilichoko Nairobi. Asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walikuwa wamefikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Hebu chukua darasa la watoto 50, ambalo kwa Kibera si darasa kubwa. Ni kama watoto 22 wenye mzigo, na 6 kati yao wanaohitaji matibabu. Mwalimu anapowaambia "fungueni ukurasa wa 31", anazungumza nao wote kana kwamba wameamka sawa.

Wajua mtoto huyo atasema nini ukimuuliza ana shida gani? Atasema tumbo linamuuma. Au kichwa. Mara chache sana mtoto wa darasa la 5 atakuja na kusema ana huzuni isiyoisha. Mwili ndio unaomsemea. Akiwa na hofu ya muda mrefu, homoni za hofu hukaza misuli, huvuruga tumbo na humnyima usingizi, kwa hiyo maumivu anayoyataja ni ya kweli kabisa. Hadanganyi. Mama akimpeleka kliniki akapewa dawa ya minyoo, na wiki ijayo tumbo likarudi siku ileile ya Jumatatu, hapo ndipo pa kuuliza swali lingine: Jumatatu kuna nini?

Je, wajua kuwa sonona kwa kijana huweza kuja kwa sura ya hasira? Vitabu vya matabibu vinakubali kabisa kwamba kwa watoto na vijana dalili kuu inaweza kuwa kuudhika-udhika badala ya huzuni. Kinachoangaliwa ni muda: hali ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na ikawa imeharibu masomo, usingizi, kula au urafiki, huo si utundu tena. Fikiria basi ni wavulana wangapi wametolewa darasani kwa "kiburi" walipokuwa wakiumwa.

Je, wajua kuwa Kiswahili cha mtaani kilikuwa na jina la ugonjwa huu kabla ya wizara kuutafutia istilahi? "Ana mawazo." "Anafikiria sana." Watafiti waliozungumza na wagonjwa Nairobi kuhusu maneno wanayotumia kueleza dhiki zao walikutana na hilo la kufikiria sana tena na tena. Nako Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, lenye maana hiyohiyo: kufikiri hadi fikra zenyewe zikuumize. Huwezi kusema kwamba haya ni maradhi ya kigeni ikiwa bibi yako alikuwa na neno lake.

Lakini wajua kuwa kuna daktari aliyesema hivyo, tena kutoka Nairobi? J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari wakati wa ukoloni, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba ubongo wetu haufanyi kazi kikamilifu na kwamba sonona ni nadra kwetu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau, akiwaeleza watu waliokuwa wakidai ardhi yao kana kwamba walikuwa na kasoro ya akili. Sikumbushi haya ili tukasirikie wafu. Nakumbusha kwa sababu mzazi anayesema leo kwamba "mtoto wa Kiafrika hana stress, hiyo ni ya wazungu" anarudia, bila kujua, maneno ya yule daktari.

Je, wajua kuwa Mathari ilianza mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui? Kuanzia siku ya kwanza ilikuwa mahali pa kutenga. Zaidi ya miaka 100 baadaye jina lake bado ni tusi uwanjani: "Wewe umetoroka Mathari." Mtoto aliyewahi kulisikia hilo mara moja hatamwambia mtu yeyote kwamba anasikia sauti usiku.

Na umbali? Kutoka Silanga hadi Mathari ni matatu mbili, ya kwanza hadi mjini na ya pili ya Thika Road, kisha kurudi. Nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi, na siku nzima ya kibarua imepotea. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda ameeleza mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Kutokana na msiba huo akaacha kungoja wagonjwa ofisini. Mwaka 2006 aliwafundisha kina nyanya wa Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini wa Harare, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kusikiliza watu. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio la watu 573 yalichapishwa: waliokaa na nyanya kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nyanya hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na mafunzo, subira, na benchi lililokuwa karibu na nyumbani.

Je, wajua kuwa Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha kitengo chake cha ushauri nasaha mwaka 1971? Ni zaidi ya nusu karne. Mwaka 1976 ripoti ya tume ya Gachathi ilisisitiza tena huduma hiyo shuleni. Mwaka 2001 jopo la Wangai, lililoundwa baada ya ghasia za wanafunzi, likasema hivyo tena. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Sera ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030 ipo. Mwaka 2020 jopo la Daktari Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho. Karatasi tunazo.

Basi wajua ni nani aliye nyuma ya karatasi hizo katika shule ya kawaida? Ni mwalimu wa Kiswahili, au wa dini, au wa sayansi, aliyepewa cheo cha ushauri nasaha juu ya vipindi vyake vyote. Asubuhi anafundisha, mchana anasahihisha, jioni ana zamu ya uwanjani, na katikati yake anatakiwa amsikilize msichana ambaye hajazungumza kwa siku 9. Nchini Marekani chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250, na huyo mshauri hafundishi hesabu. Kwetu mara nyingi ni mwalimu 1 kwa shule nzima, na kengele ikilia anainuka katikati ya kilio.

Na chumba? Shule nyingi za Silanga na za mtaa wa Kawangware ni za jamii, zile zinazoitwa APBET, zilizojengwa kwa mabati na mbao na watu wa mtaa wenyewe kwa sababu shule za umma hazikutosha. Zimewafikisha maelfu ya watoto mbali, nami nazivulia kofia. Lakini ukuta wa bati hausitiri sauti. Darasa la 3 linaimba jedwali la kuzidisha, darasa la 6 linalisikia lote. Msichana atasemaje jambo la siri mahali ambapo hata kikohozi cha jirani kinasikika? Nimeona mwalimu akimtoa mtoto nje, wakaketi juu ya jiwe kando ya tangi la maji, wote wawili wakitazama mbele kana kwamba wanangojea mtu. Mwalimu huyo alikuwa amebuni chumba mahali pasipo na chumba.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mzazi wa Kibera anastahili kulijua.

Je, wajua kuwa moja ya njia zinazozungumziwa sana duniani leo za kuwasaidia vijana wenye sonona na wasiwasi ilijaribiwa kwanza hapa hapa, katika shule ya sekondari ya Kibera? Mwaka 2018 Tom Osborn, kijana wa Kenya aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alirudi nyumbani na wenzake wakakusanya wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Waliwagawa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma, jambo zuri tu la kawaida. Kundi la pili lilipata mpango walioupa jina Shamiri. Ulikuwa wa wiki 4, saa 1 kila wiki, katika vikundi vidogo vya kuketi pamoja.

Walifundishwa nini? Mambo 3. Kwanza, kwamba akili na tabia hukua: uliyeshindwa jana si lazima ushindwe kesho, na wanafunzi walisoma visa vya watu waliopita palepale wanapopita wao. Pili, shukrani: kuandika jambo jema la siku, hata likiwa dogo kama jirani aliyekuazima taa. Tatu, kujua unachokithamini maishani, kisha kuishi kwa kukifuata. Neno sonona halikuwa mlangoni. Hakuna mtoto aliyeitwa mgonjwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na cha kuonea aibu.

Na waliowafundisha walikuwa nani? Vijana waliokuwa wametoka tu kumaliza sekondari, waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa. Si madaktari. Ni kaka na dada wa rika la karibu, wanaojua mtihani wa KCSE unavyokosesha mtu usingizi na wanaojua kukaa na karo isiyolipwa.

Matokeo? Wanafunzi wa kundi la Shamiri walipungukiwa na dalili za sonona na za wasiwasi kuliko wenzao, alama zao za masomo zikapanda zaidi, na wakajiona kuwa na marafiki wa kuwategemea kuliko zamani. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio kubwa zaidi la wanafunzi 413 wa shule 4 za Nairobi na Kiambu, na dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua tena kuliko kwa wenzao. Kuna jambo moja humo ambalo mimi limenikaa moyoni: hata lile kundi la mbinu za kusoma lilipata nafuu kidogo. Kuketi katika kikundi kidogo, mtu akakuita kwa jina lako na kukusikiliza kwa saa 1 kwa wiki, huenda hilo peke yake lilikuwa limeshaanza kutibu.

Tena wajua kuwa kundi hilohilo la watafiti lilipowauliza wanafunzi 658 wa sekondari za Kenya, asilimia 45.9 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kumtia tabibu wasiwasi, na karibu asilimia 38 walikuwa na za wasiwasi? Hawa walikuwa wanafunzi wa kawaida walio madarasani, si waliookotwa hospitalini.

Je, wajua kuwa upande wa Kawangware nao una habari yake? Dagoretti, ambako Kawangware ipo, ni moja ya sehemu za Nairobi ambako Shirika la Afya Duniani lilijaribu mpango wake wa vikao 5 wa kukabili matatizo. Wahudumu wa afya wa mtaa, watu wasio na shahada ya saikolojia, walifundishwa kuwasaidia kina mama wenye dhiki, wengi wakiwa wamepitia ukatili. Jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2017, lilikuwa na wanawake 421, nao waliopata vikao walipata nafuu. Utauliza hilo linamhusu vipi mwanafunzi. Mtoto hulala chumba kimoja na mama yake. Mama akilia usiku, mtoto yuko macho.

Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi waliingia katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Kwa wiki 12 washauri wa kawaida kutoka jamii zao waliwasaidia kusimulia kifo kile kidogo kidogo, hadi wakaweza kukitaja bila kutetemeka. Katika maeneo 3 kati ya 4 watoto hao walifanya vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Msiba wa mtoto huwa tunauzika kwa maneno "nyamaza, usilie, Mungu amependa". Tunasema kwa upendo. Lakini mtoto aliyenyamazishwa hajafarijiwa.

Je, wajua kuwa tarehe 23 Julai 2018, alfajiri, matingatinga yaliingia Kibera kubomoa nyumba ili kupisha barabara, na takriban watu 30,000 wakapoteza makazi? Miongoni mwa yaliyobomolewa zilikuwamo shule. Watoto waliamka wakiwa na nyumba, shule, dawati na rafiki wa kuketi naye. Jioni hawakuwa na hata kimoja. Waliosimama wakatazama darasa lao likilala chini wengine sasa ni vijana wakubwa. Nani aliwahi kuwauliza?

Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la shule ya Precious Talent, Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani. Wasiopungua 7 walifariki.

Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalibomoa nyumba kando ya mito ya Nairobi, na muhula wa pili ukaahirishwa mara 2. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeingia darasa la 1 mwaka 2018 huku Kibera amepitia ubomozi, janga na mafuriko kabla hajafika sekondari ya juu.

Wajua moto wa shuleni umewaua wangapi? Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wanafunzi 67. Shule ya wasichana ya Moi Nairobi, jirani kabisa na Kibera, Septemba 2017: wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21. Kila mara washauri huletwa kwa magari, mahema yakasimamishwa, kamera zikaja. Wiki chache baadaye mahema hukunjwa. Jinamizi la mtoto aliyesalimika halikunjwi na hema. Wengine dalili zao huanza miezi kadhaa baada ya tukio, wakati kila mtu amekwisha kusema "amesahau".

Je, wajua kuwa kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001? Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu, hata mtoto, dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi 6. Angalia hilo neno la pili. Kumwita mtoto "bure kabisa" mbele ya wenzake kunaweza kuwa kosa kisheria, hata kama fimbo haikuguswa. Na mwalimu wa ushauri nasaha anayetembea na fimbo mkononi asishangae hakuna anayebisha mlangoni kwake.

Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi darasani tangu sera ya mwaka 1994. Kurudi ni siku moja. Kubaki huku wenzake wakimnong'ona ni kila siku.

Je, wajua kuwa chakula ni afya ya akili? Tangu mwaka 2023 watoto wa shule za umma za Nairobi hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 katika mpango wa kaunti wa Dishi na County. Mwalimu yeyote atakwambia darasa lililoshiba saa 8 mchana si darasa lile la zamani. Shule za jamii, zenye watoto wengi wa Silanga, zinastahili sahani hiyohiyo.

Na usingizi? Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi na kumalizika saa 9 na nusu alasiri. Lakini utawakuta njiani gizani saa 11 alfajiri, wanaruka mitaro kwa tochi ya simu, wakitoka chumba cha futi 10 kwa 10 walimolala watu 6 na redio ya jirani. Kabla ya kumwita mtoto mvivu, muulize alilala saa ngapi.

Je, wajua kuwa kuna watoto wa Kibera wanaojifunza baleti? Shirika la Anno's Africa limewafundisha kwa miaka mingi. Madawati husukumwa pembeni, sakafu inafagiliwa, na watoto hucheza miguu mitupu. Wapo waliocheka kusikia hivyo. Lakini mwili uliokaza kwa hofu hulegezwa na mwendo, na mtoto asiyeweza kusema anaweza kucheza ngoma, kuchora au kupiga mpira. Kipindi cha michezo kinachoibwa ili kufidia hesabu kinaiba dawa.

Sasa jambo zito, nalo nalisema polepole. Je, wajua kuwa hadi juzi mtu aliyejaribu kujitoa uhai Kenya alihesabiwa mhalifu? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliruhusu afungwe hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo mzazi aliyemwokoa mwanawe alikuwa na hofu 2: ya kumpoteza, na ya kuitiwa polisi. Hofu ya pili imeondolewa. Mpeleke hospitalini.

Na wajua kuwa kumuuliza kijana moja kwa moja, "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?", hakumtii wazo hilo kichwani? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamelisema hili wazi. Mara nyingi swali humpa pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitamka. Ukiuliza, nyamaza. Usimhubirie. Usimtajie watoto wenye shida kuliko zake. Kaa naye, ondoa vitu vya hatari, na usimwache peke yake hadi apate msaada.

Je, wajua siri ya mshauri ina mpaka? Mwanafunzi anayoyasema hayapelekwi kwenye chumba cha walimu kuliwa na chai. Ila akisema anadhulumiwa, au anataka kujidhuru, au maisha ya mtu yako hatarini, mshauri lazima apeleke habari kwa anayeweza kumlinda. Mshauri mwema humwambia mtoto mpaka huo mwanzoni, kabla ya neno la kwanza. Mtoto aliyeambiwa ukweli wa mpaka huamini zaidi kilicho ndani yake. Na mtoto aliyesikia siri yake ikitajwa paredi hatazungumza tena na mtu mzima yeyote kwa miaka. Nimekutana na watu wazima ambao hadi leo hawajazungumza.

Wajua nambari 116? Ni ya watoto, ni ya bure, na hupokelewa usiku na mchana. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe kwa simu ya mama, ya jirani, ya mwenye duka. Mtu mzima anaweza kuipiga kwa ajili ya mtoto. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya nayo ni ya bure kwa anayehitaji kusikilizwa. Ziandike kwa chokaa kwenye bati la darasa, mahali ambapo mtoto anayepanga foleni ya uji atazisoma bila mtu kujua kwamba anazisoma.

Mwalimu mkuu unayeisoma safu hii, iwe uko Silanga, Kawangware au kwingineko: muhula ujao mpunguzie mwalimu wako wa ushauri nasaha vipindi 5 kwa wiki. Mpe kona yenye pazia zito na viti viwili, mbali na ofisi yako na mbali na mahali pa adhabu. Wanafunzi 51 wa Kibera walionyesha kwamba saa 4 tu, zikitolewa kwa moyo, hubadilisha kijana. Na wewe mzazi, leo jioni, kabla ya kuuliza alama, muulize mwanao leo ilikuwaje. Kisha zima redio, umsikilize hadi amalize.